Kibuyu cha Langoni

"Mzee Njoka, usikunje uso hivyo. Wageni watadhani uji umechacha."

"Si umechacha kweli? Uji wa wimbi usiochacha hupewa wagonjwa."

Lydiah alicheka, akakaza utepe mwekundu alioufunga kwenye nguzo ya lango. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa sherehe. Mwaka ule wa hamsini na sita, walimu wa chuo cha ualimu waliwaachia wanafunzi siku nzima waipange wenyewe: nyimbo, mbio, maonyesho ya ushonaji. Na wanafunzi, badala ya kumsimamisha langoni mwalimu mwenye tai, wakamsimamisha mpishi wao Njoka, mzee asiyejua kusoma hata jina lake, awapokee wageni kwa kibuyu kama kwao Embu: mwenyeji huonja kwanza ili mgeni ajue hamna sumu, kisha humpa.

Kibuyu kilikuwa cha Wambeti, marehemu mkewe. Kilipopata ufa, Wambeti aliushona kwa uzi wa mkonge, wiki ile ile serikali ilipomtoa kwa nguvu kwenda kuchimba mtaro kando ya msitu. Siku ya tatu homa ikamwangusha. Njoka alikwenda kwa Chifu, akasimama na mkono umenyooshwa, akiomba cheti cha kumpeleka hospitali.

"Hakuna cheti cha wavivu," Chifu alisema, akichokoa meno. "Amalize kipande chake kwanza."

Hakukimaliza. Walimtoa mtaroni juu ya gunia, na jembe lake likapewa mwingine asubuhi iyo hiyo.

"Leo anakuja," Lydiah alisema kwa sauti ya chini. "Chifu."

Mwiko ulisimama ndani ya chungu. "Nani kamwita?"

"Sheria ndiyo imemwita, mzee. Tukikusanyika bila kibali tunafungwa. Karatasi iko mfukoni mwake. Alisema ataitoa hapa langoni akishapokewa vizuri. Nakuomba, mpe uji tu."

"Mpe uji tu! Mimi nilimwomba karatasi pia. Nilimpigia na magoti. Wewe mwanangu unasomea ualimu, hebu nifundishe: nilikosea wapi?"

Lydiah alikuwa na daftari kubwa mkononi, lakini hakulifungua.

Wageni walianza kufika kutoka kijijini, kile kijiji cha kuzungushiwa handaki na miiba. Walipanga foleni bila kuambiwa, vipande vya kitambulisho mkononi, hata kwenye sherehe. Njoka alimwona mzee mwenzake akikitoa kipande chake ili akaguliwe, damu ikamchemka. "Kirudishe! Hapa mnakunywa tu." Akaonja, akampa. Akaonja tena, akampa mwingine.

Kathure, aliyechimba bega kwa bega na Wambeti, alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Kidole chake kikapita juu ya mishono.

"Mkono huu naujua."

"Kunywa, mama."

Alikunywa. Lakini hakuingia uwanjani. Alisimama pembeni ya lango, shuka amejifunga kifuani, akingoja.

Njoka alikuwa amekijaza kibuyu hadi shingoni, Chifu alipotokea na homugadi wawili, askari walinzi wa serikali, bunduki mabegani. Nyimbo zilikatika. Karatasi ilikuwa katika mkono wake wa kushoto. Wa kulia aliunyoosha.

"Alaa, Njoka! Leo wewe ndiye mwenye nyumba? Dunia imegeuka!" Homugadi wakacheka. "Haya, onja basi, tusije tukafa bure."

Njoka alikiinua kibuyu, akapiga funda. Chifu akasogeza mkono. Njoka hakukishusha. Akapiga la pili, la tatu, macho yake yakimtazama Chifu juu ya mdomo wa kibuyu, hayapepesi.

"Inatosha, mzee. Tumeona hamna sumu."

La nne. La saba. Uji ulimtiririka ndevuni, ukamlowesha shati. Mwenyeji huonja kwanza, ndiyo mila. Ni nani aliyewahi kusema aonje kiasi gani? Tumbo lilimuuma, pumzi zikamwishia, naye akameza. Homugadi hawakucheka tena. Lydiah alikuwa ameziba mdomo kwa daftari.

Kibuyu kilipoanza kutoa sauti ya utupu, Njoka alikishusha, akakipindua mbele ya Chifu. Tone moja likaanguka juu ya kiatu kilichong'arishwa.

"Ni salama," alisema, akihema. "Hamna sumu."

Chungu kilikuwa nyuma yake, bado nusu, nacho hakukigeukia. Kathure alitoka pembeni, akaja akasimama kando yake, bega kwa bega.

Upepo ulishuka kutoka mlimani, ukautikisa utepe mwekundu, ukaitikisa na karatasi. Na mkono wa kulia wa Chifu ulikuwa ungali umenyooshwa, kiganja juu.