Hodi ya Kidevu

Meli ikiondoka, sufuria za mtaa mzima hucheza kwenye rafu, na kutu hudondoka kutoka kwenye minyororo ya gati ikatua juu ya nguo zilizoanikwa. Mwenye kuvaa nyeupe mtaani pale ni mgeni au ni mpumbavu. Juu ya mapaa huning'inia meli zilizotoka kwenye majua ya mbali, zimefungwa kama mbuzi, zikivuja maji ya barafu, na chini yake watu huoana, hutukanana na kupika kana kwamba hakuna kitu juu ya vichwa vyao.

Kazi ya Msasa ilikuwa kukwangua ukoko. Meli ikizunguka huko angani hurudi imegandwa na kitu cheusi, ndani na nje, mfano wa sufuria iliyosahauliwa motoni, na wanawake wa mtaa hukikwangua kwa vyuma bapa kabla ya meli kupakwa rangi. Jina la Msasa alipewa kwa ajili ya viganja vyake. Waliowahi kugombana naye walisema ni kwa ajili ya ulimi.

Watu wa kwingine hupiga hodi kwa mdomo. Mtaa ule hupiga kwa chuma. Tumbo la meli likishafungwa, hewa yote hufyonzwa ili mizigo isishike moto njiani, na aliyesahaulika humo ndani hatoki hai. Kwa hiyo anayefunga mlango hugonga mara tatu, akaweka shavu kwenye chuma, akangoja. Aliye ndani hujibu mara mbili. Na aliye ndani akigonga tatu, wa nje humjibu mbili, kisha humfungulia. Mtoto hujifunza hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Limewaingia watu mwilini kiasi kwamba ukigonga meza mara tatu katika mgahawa, wateja watakujibu kwa vijiko bila kuacha kutafuna. Mume na mke walionuniana hujibizana hivyo kupitia mlango wa choo, halafu huendelea kununiana.

Mdogo wake Msasa alikuwa mpanga mizigo. Walimwita Mluzi kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alifia ndani ya tumbo la meli. Mfunga mlango alikuwa Kidevu, mtoto wa mtaa uleule, aliyekula sahani moja na Mluzi walipokuwa wadogo. Kidevu alisimama mbele ya wakubwa wa bandari akasema, "Niligonga. Hakujibu. Alikuwa amelewa." Basi, ikawa hivyo. Meli ilikuwa imeshakwenda zake, mwili ukaletwa baadaye na meli nyingine, na wakubwa wakaridhika, maana maneno yale hayakumsumbua mtu yeyote isipokuwa maiti. Haukupita muda Kidevu akapandishwa cheo, akawa mnyapara wa gati.

Mtaa uliamini, au ulijifanya hamnazo. Ilikuwa rahisi kusema Mluzi alilewa kuliko kukubali kwamba mmoja wao alifunga mlango bila kugonga. Aliyebeba aibu ni mama yao. Zamani ukitaka kucheka ulikwenda bombani akiwapo. Sasa alituma watu wamchotee maji, kwa sababu kila akitokea, mazungumzo yalikatika. "Mwanangu hakuwa mlevi," alikuwa akisema. Aliuambia ukuta, aliliambia jiko, alimwambia Msasa kila walipokaa kula.

Msasa alimchukia Kidevu. Hakutaka pole wala fidia. Alitaka Kidevu agonge, asijibiwe, aonje kimya kile mdogo wake alichokionja.

Kisha meli ile ikarudi.

Asubuhi hiyo Shangazi, mkuu wa wakwanguaji, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote na alikuwa wa wote, aligawa kazi. Alipofika kwa Msasa alishusha sauti.

"Wewe mwanangu kaa nje, ukwangue mbavu. Humu ndani mwachie mwingine."

"Mlango ni wangu, Shangazi."

"Haya. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kutukana, tutukane sisi, tumekuzoea."

Msasa akaanza na upande wa ndani wa mlango. Ukoko ulibanduka vipande vipande. Usawa wa kifua, chuma kilikuwa kimebonyea. Alidhani mzigo uligonga hapo. Akakwangua tena, akaona mabonyeo ni matatu, yamekaa pamoja. Chini yake, matatu mengine. Usawa wa kiuno, matatu. Usawa wa goti, matatu, hafifu. Na chini kabisa, karibu na kizingiti, matatu ambayo angeyakosa kama asingepapasa kwa kidole. Aliomba ndoano ya wapanga mizigo, ile wanayovutia makasha, akaichomeka. Ncha yake iliingia sawasawa katika kila shimo.

Mluzi aligonga amesimama. Akagonga amepiga magoti. Akagonga amelala. Na kila mara aligonga kwa adabu, tatu, akangoja.

Shangazi aliinama, akapitisha kidole, akainuka ameshika mdomo. "Mlevi gani huyu anayehesabu?" alisema.

"Tuwapelekee wakubwa waje waone," mwanamke mmoja akasema.

"Watasema pombe ilimtoka mlango ukiwa umeshafungwa," Msasa alijibu. Sauti yake ilikuwa tulivu mno, na waliomjua hawakuipenda. "Mwiteni Kidevu."

"Unataka kumfanya nini?"

"Nataka aone mlango."

Kidevu alikuja na tochi yake, akilalamika tangu mbali. "Nini tena? Meli inangoja rangi, ninyi mmejikusanya kama mko harusini!"

"Kuna kasoro mlangoni, mnyapara," Msasa alisema. "Upande wa ndani. Sisi hatuelewi."

Hakuna kitu kilichomkuna Kidevu kama mtu kusema haelewi. Wanawake wote walikuwa wametoka nje, mlango umerudishwa nusu. Akaingia, akauzunguka, akainama kumulika. Kupitia uwazi uliobaki Msasa aliuona mwanga ukishuka polepole, kutoka kifuani hadi kiunoni, kutoka kiunoni hadi gotini. Ulipofika kizingitini ukaanza kutetemeka.

Msasa akausukuma mlango. Akazungusha usukani wake wa kufungia mpaka ukagoma. Hakugonga.

Wanawake waliguna kwa pamoja. Hata waliomchukia Kidevu kuliko ugonjwa, kitendo kile kiliwasisimua mwili, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kwa macho yake. Na Msasa alikuwa ameshaweka mkono wa kulia juu ya wenzo wa hewa, ule mwekundu ulio kando ya kila mlango. Ukiuvuta, kilichomo ndani hakina haja tena ya kupumua.

Kutoka ndani, zikapigwa tatu.

Mikono ya wanawake ikainuka. Haikuwa huruma, ilikuwa mazoea. Mkono wa kushoto wa Msasa mwenyewe uliinuka na ngumi ikajikunja, na ilimbidi auingize kwapani na kuubana, huku machozi ya hasira yakimtoka kwa kuona mwili wake unataka kumsaliti.

"Asijibu mtu," alisema.

Zikapigwa tatu nyingine. Kisha bomba la kusemea, ambalo huzibwa siku ya safari tu, likakohoa.

"Nani amefunga? Fungua! Leo hakuna atakayebaki na kazi hapa!"

Kimya. Tatu tena, za harakaharaka.

"Msasa? Dada yangu, ni wewe? Basi, utani umekolea, nimecheka. Fungua."

Kimya. Sasa hazikuwa tatu tena. Alikuwa akipiga ovyo, kwa viganja, kwa tochi, kwa viatu. Msasa alimwacha apige mpaka akachoka, ndipo akasogeza mdomo kwenye bomba.

"Niligonga, Kidevu. Hukujibu. Nadhani umelewa."

"Hukugonga!" sauti ilipasuka. "Hukugonga, Msasa, unajua hukugonga!"

"Waulize wenzangu."

Akageuka kuwatazama. Hakuwa amewaomba, wala hakujua watasema nini. Shangazi alijifuta mikono kwenye aproni, akasogea, akainamia bomba.

"Tulimsikia akigonga," alisema. "Ni wewe tu uliyelala."

Kisha wakasikia mtu mzima analia.

"Sikugonga," Kidevu alisema. "Siku ile sikugonga. Meli ilikuwa imechelewa, nahodha ananifokea, nikazungusha usukani, nikavuta wenzo. Haya, nimesema! Fungua!"

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Mkono wangu uko kwenye wenzo, Kidevu. Halafu?"

Sauti iliporudi ilikuwa ndogo kama ya mtu anayesema na nafsi yake.

"Nilimsikia. Nilikuwa nimesimama hapo hapo uliposimama. Mkono wangu ulitaka kumjibu, nikautia mfukoni. Nikaondoka, nisiendelee kumsikia."

Mwanamke mmoja akaketi chini palepale. Msasa hakuona wala hakusikia kitu kingine. Alimwona mdogo wake ameweka shavu kwenye chuma, anangoja, na upande wa pili wa chuma, umbali wa kiganja, rafiki yake ametia mkono mfukoni. Wenzo ulianza kusogea. Hewa ikaanza kuimba ndani ya mabomba, na Kidevu akapiga ukelele.

Shangazi hakumshika. Alisimama karibu naye tu, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza habari ya chumvi.

"Vuta, sikuzuii. Lakini ukivuta, sasa hivi yatakuwa yamekwisha kwake. Wewe unataka yaishe?"

Msasa alipumua kwa nguvu. Aliufikiria mlango ule, aliwafikiria wanawake waliosimama nyuma yake na midomo yao isiyofunga siri. Akaurudisha wenzo mahali pake. Akafungua.

Kidevu alitoka kwa magoti na mikono, amelowa jasho. Aliwatazama mmoja mmoja akitafuta hata wa kumtukana. Walichukua vyuma vyao wakarudi kazini, wakipita kandokando yake kama wanaokwepa dimbwi.

Kabla ya chakula cha mchana habari ilikuwa imefika kila gati, na mlango ule ulikuwa na foleni ya watu wanaokuja kupapasa. Wapanga mizigo walikataa kuingia katika tumbo la meli yoyote ambayo Kidevu alikuwa karibu nayo. Wakubwa wa bandari dhamiri haikuwasumbua, lakini meli zisizopakiwa ziliwasumbua sana, kwa hiyo walimvua cheo siku ileile. Jioni alikwenda mgahawani, akagonga meza. Vijiko vyote vilitulia. Akaenda kwake, akagonga mlango, na mkewe, aliyekuwa ndani anaosha vyombo, akaendelea kuosha vyombo. Angetaka kuondoka, lakini hakuna nahodha anayempakia mtu ambaye hodi yake haijibiwi. Mabaharia wasingelala.

Dawa yake mtaa uliijua, na Kidevu aliijua. Aliyenyimwa jibu hurudishiwa jibu hilo na nyumba ya marehemu tu. Mapigo mawili kutoka ndani ya nyumba ile, na mambo yamekwisha. Vijiko vitamjibu, mke atamjibu, meli zitamchukua.

Alikuja siku ya pili yake, jua bado halijazama. Msasa na mama yake walikuwa mezani. Mama alikuwa ametoka bombani mwenyewe, amebeba ndoo yake mwenyewe, na amechelewa kwa sababu watu hawakumwacha aondoke. Alikuwa ameshapelekwa kuuona mlango. Alipapasa mashimo yote, kuanzia juu hadi kizingitini, akasema, "Niliwaambia," na hakuwa amesema tena mpaka sasa.

Mlango ukagongwa. Tatu, za adabu.

Msasa aliuona mkono wa mama yake unaondoka kwenye sahani, ngumi imeshakunjwa, unaelekea kwenye mbao za meza. Umri mzima mkono ule ulikuwa haujawahi kumnyima mtu jibu. Msasa alitaka kuudaka, akajizuia. Yeye alikuwa amefanya ya kwake. Hili lilikuwa la mama.

Mama aliutazama mkono wake kama mtu anayeutazama mkono wa jirani. Akaurudisha polepole. Akauingiza chini ya paja, na ule wa pili akauingiza upande wa pili, akaikalia yote miwili kwa uzito wake wote.

"Nilishe," alimwambia Msasa.

Msasa akachota kijiko, akamtia mama yake mdomoni. Nje ikagongwa tena, tatu, lakini sasa sauti ilitokea chini zaidi, usawa wa goti.

Mama alitafuna taratibu, akasikiliza, akameza.

"Ameshapiga magoti," alisema. "Bado kulala."