Beringi Iliyofufuliwa

...na eti mpya, mpya kwa lipi, sanduku ndilo jipya, nailoni ndiyo mpya, na grisi wameipaka kama bibi harusi aliyepambwa na mahasidi wake, lakini beringi yenyewe naijua kama ninavyolijua jino langu bovu, ndiyo ile niliyoing'oa mkiani mwa helikopta namba nne miaka miwili iliyopita, nikaigonga alama tatu ubavuni, maana yake imekufa, isirudi kazini, na alama hizi hapa, wamezipiga msasa wakadhani kucha yangu haina macho... "Mama Stoo, weka saini basi, jua linapanda," anasema Meja, na Dalali wake mwenye viatu vilivyochongoka anadakia, "Imetoka kiwandani moja kwa moja, mama yangu," kiwandani! kiwanda kiliacha kuunda vipuri vya dege hili kabla huyu hajaota ndevu, dege lenyewe lilibuniwa enzi za babu zetu, kwa vita vya watu wengine, kwenye theluji ya watu wengine, libebe makombora mabawani na askari tumboni, sisi tukalipata mtumba, ukikwangua rangi unakuta rangi, ukikwangua tena unakuta bendera ya jeshi lisilojulikana liko wapi, na huyu Meja kila gwaride anajitutumua, simba wa angani, simba wa angani, yeye ambaye hajawahi kupanda zaidi ya ngazi ya kupigia picha, debe tupu, na bado linavuja... dirisha linagongwa, shemeji huyo, mume wa mdogo wangu, kofia ya urubani kwapani, "Shemeji, leo naruka au nikanywe chai?" na Meja anajibu kwa niaba yangu, "Unaruka! Shemeji yako anamalizia karatasi tu," na shemeji anacheka, anaegemea ukuta pale nje, anapiga mluzi, haoni kilicho mezani, ataona nini, rubani huamini mkia uko nyuma yake kama mtu aaminivyo kisogo, na beringi hii ikifungwa mkiani mwa dege lake ikakwama huko juu, panga la mkia litasimama na dege litazunguka kama pia, hapo hata simba hangurumi... wajinga hawa, wamenifuata mimi, katika mafundi wote wa karakana hii wamenifuata mimi niliye mkali kuliko pilipili, mimi ambaye... ngoja, wamenifuata mimi kwa nini, Fundi Mzee yupo meza ya pili, ana mhuri wa ukaguzi kama wangu, mbona hawakwenda kwake, "Yule mzee ana maneno mengi," Meja alisema alipoingia, nami nikacheka naye, nikacheka! kumbe alikuwa ananiambia kitu, yule hukataa, mimi hununa, husonya, huwatukana moyoni, kisha husaini, kama bomba la oili la dege la shemeji mwaka jana, lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, nilisonya nikasaini, halikupasuka, nikaita bahati ile ujuzi, na tangu siku hiyo dharau yangu imekuwa kama kanga ya kujifunikia, eti mimi si kama wao, nawadharau, basi mimi safi, na mdogo wangu jikoni kwake huniambia, "Dada, nikijua wewe ndiye uliyekagua, nalala," analala! juu ya ufa wangu analala... "Mama Stoo," anasema Meja, sauti imepungua sukari, Dalali anatazama saa, shemeji bado anapiga mluzi, na kalamu iko pale pale juu ya karatasi, sijaandika hata nukta, lakini nimeshajua neno nitakaloliandika, IMEKATALIWA, kwa herufi kubwa, kisha nitafungua dirisha nimwambie shemeji habari ya bomba, mbele yao, kwa jina langu, atanitazama vibaya na ana haki, na cha ajabu nikiwaangalia hawa wawili natafuta ule msonyo wangu, nautafuta mdomoni, haupo.