Mgeni Niliyemfikisha kwa Mtakatifu Andrea

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tatu Januari, asubuhi, pale nilipogonga kaburi la marehemu mke wangu kwa fimbo nikamwambia, "Wewe, amka. Twende kwa Mtakatifu Andrea."

Sikumtaja jina. Tangu tuoane nilimwita "wewe" naye akaniita "wewe", na hatukupotezana hata siku moja. Ningejua kwamba halmashauri imetia mkono wake makaburini, ningemtaja yeye, baba yake na babu yake.

Kwetu, asiyefika Teixido, kwenye kanisa la Mtakatifu Andrea, akiwa hai sharti afike akiwa amekufa. Asipopata wa kumsindikiza huenda peke yake katika umbo la chura au mjusi, akijikokota kando ya bahari kupitia milima yote ile. Dosinda wangu alitaka kwenda kwa miguu yake mwenyewe. Kwanza wakubwa wakaondoa basi, wakasema halina abiria. Kisha wakafunga zahanati, wakasema haina wagonjwa. Wagonjwa wangefikaje bila basi? Akafa mwezi wa Novemba akiwa bado anangoja zamu yake hospitali ya mjini, na simu ya kumwita ikaja baada ya mazishi. Niliipokea mimi. Nilimwambia yule binti kwamba mgonjwa ameshapona, asihangaike.

Basi nikaamua kumpeleka. Nilichagua Januari kwa sababu majira ya joto njia ile hujaa watu wenye fimbo za chuma na kofia za rangi, wanapiga picha hata mavi ya farasi. Dosinda hakupenda kusukumana.

Wafu wetu tumewapanga ukutani kama mikate ndani ya tanuri, mmoja juu ya mwenzake. Nilikuta jiwe lake la jina limeondolewa, tundu limefunikwa karatasi ya nailoni. Nikajua ni ukarabati, nikasikitika, nikagonga, nikaondoka naye.

Kusafiri na marehemu kuna adabu zake. Ukifungua lango la shamba, unalishika mpaka apite. Ukifika njia panda unamwambia kwa sauti mnapinda wapi, maana wafu hawaoni vizuri mchana. Ukikaa kula, unamwekea sahani. Nikatembea hivyo siku nzima, mkono wa kushoto bahari inanguruma chini ya majabali, mkono wa kulia vichaka vya miiba vyenye maua ya njano, na sikukutana na mtu ila farasi wa mwituni walionigeuzia makalio. Nilikuwa na raha ambayo sikuijua tangu mazishi. Nilimsimulia Dosinda habari za kijiji, nani kauza ng'ombe, nani kanenepa. Mahali pamoja kibao cha ofisi ya utalii kilitwambia tupite kulia, na kulia kulikuwa na dimbwi la kutosha kuzamisha diwani mzima. Nikamwambia, "Unaona? Hata njia ya mbinguni wameipotosha."

Nyumba ya wasafiri niliikuta imefungwa mpaka Pasaka. Mkulima mmoja akanilaza ghalani kwake, akanipa mablanketi mawili bila kuuliza la pili ni la nani. Huyo ndiye angefaa kuwa meya.

Kesho yake adhuhuri nikafika mji wa Cedeira, nikaingia mkahawani na kuagiza supu ya kabichi bakuli mbili. Mama mwenye mkahawa akaweka moja mbele yangu na moja mbele ya kiti kitupu, akaiwekea na kijiko. Nilikuwa nimefika nusu ya bakuli alipoingia Sidro, muuza samaki wa kijijini kwetu, aliyekuwa akipeleka pweza. Akalitazama lile bakuli la pili. Akavua kofia, akaliamkia. Kisha akaniuliza nimemleta nani.

"Mke wangu, nani mwingine?"

"Ulimchukua lini, mzee Xenaro?"

"Jana asubuhi."

Sidro akavuta kiti, lakini si kile. Akanieleza polepole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. Halmashauri ilikuwa inaziba nyufa za ukuta wa makaburi, na wiki iliyopita mafundi waliwahamisha marehemu wa safu yetu yote. Dosinda wamemsogeza mwisho kabisa, karibu na bomba la maji. Tangazo walilibandika kwenye mlango wa baa ya kijiji, ambayo wakati wa baridi haifunguliwi.

"Na kwenye tundu lake wamemweka nani?"

Akakuna shingo. "Obdulia."

Nikaweka kijiko chini.

Obdulia alikuwa jirani yetu, mke wa Evaristo. Miaka nenda miaka rudi alidai kwamba mikaratusi yangu inakunywa kisima chake. Alinishtaki kwa meya, kwa padri, kwa polisi wa misitu. Siku ya mazishi yake nilikwenda ili tu kuhakikisha. Sasa nilikuwa nimemshikia malango, nimempa blanketi, na supu yake ilikuwa inapoa mbele yangu.

Sidro akasema anaweza kunirudisha kwa gari, nikamchukue aliye wangu. Nikamwuliza, na huyu nimwache wapi? Marehemu ukishamtoa kwake huwezi kumtelekeza katikati ya safari, atazunguka milimani mpaka kiama. Mama mwenye mkahawa, aliyekuwa amesikia yote, pamoja na manung'uniko yangu ya kisima, akasema yeye hapa hamtaki, tena na tabia hiyo.

Nikavaa kofia. Nikakiambia kile kiti, "Haya, mama. Twende. Lakini ujue sikukualika."

Kupanda mlima wa Capelada kunachosha mtu mwenye mawazo mema, sembuse mwenye hasira. Ukungu ulishuka, mvua ikaja ya kando. Nikaanza kumjibu Obdulia mashtaka yake yote, moja baada ya jingine. Nilimweleza jinsi mizizi ya mikaratusi inavyokwenda, nikamkumbusha kwamba kisima chake kilikauka mwaka ambao kila kisima kilikauka. Nilisema yote niliyokosa kuyasema siku ile kwa meya. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza sikuona la kuongeza. Nilicheka peke yangu juu ya jabali kama mwehu. Tulipofika kwenye rundo la mawe, ambapo kila msafiri huacha lake, niliweka langu, kisha nikatafuta jingine la kwake. Nilimchagulia zuri, la mviringo.

Kwenye chemchemi ya Teixido mtu hutupa kipande cha mkate majini akiomba jambo. Kikielea, umepata. Changu kilizama kama jiwe. Cha Obdulia kilielea papo hapo, kikazunguka kwa madaha. Mwanamke yule siku zote alipata alichotaka.

Nilipotoka kanisani, baada ya kumwambia kwamba amefika na apumzike, nikamkuta Evaristo barazani amelowa. Sidro alikuwa amempigia simu, naye akaja na gari kwa kasi ya mtu anayekimbizwa. Hatukuwa tumesalimiana tangu habari za kisima zianze.

"Amekusumbua?" akauliza.

"Hata kidogo. Hakusema neno njia nzima."

"Basi umekosea tena. Huyo si Obdulia."

Tukacheka mpaka mama anayeuza vijisanamu vya unga akatoka kutuchungulia. Kisha Evaristo akalia kidogo, akapenga kamasi, akaniambia kwamba kila mwaka alikuwa akisema atampeleka na magoti yakimkatalia. Akanishika mkono, hakuuachia. Deni la namna hii, alisema, kwetu hulipwa kwa miguu, halilipwi kwa njia nyingine. Mwezi wa pili, magoti yapende yasipende, atamleta Dosinda.

"Dosinda wangu?"

"Nitamshikia malango yote, jirani. Nitampa na divai, si supu ya kabichi."

Wivu ukanishika. Nilisema mke wangu nitamleta mwenyewe. Akasema basi deni lake atalifanyia nini, afe nalo? Tukarudi garini mwake tukibishana njia nzima, dirisha wazi kwa sababu ya harufu ya mbwa wake, na nakiri sikuwa nimebishana vizuri hivyo siku nyingi.

Nimemwuliza padri kama mwanamume anaweza kumwalika marehemu mke wa mtu. Akasema makaburi ni mambo ya halmashauri. Nimekwenda halmashauri, wakanikalisha kwenye kiti kizuri, wakaniambia roho ni mambo ya padri. Februari hiyo inaingia. Evaristo ameshanunua viatu, na kila asubuhi namwona anapanda na kushuka kilima akiyazoesha magoti yake. Sasa nani mwenye haki ya kugonga kaburi la Dosinda: mume aliyekwisha kukosea mara moja, au jirani anayedaiwa safari?