Msumari Mtupu wa Macalder

Mgodi wa Macalder ulipofungwa, mwaka wa sitini na sita, wachimbaji walirudi makwao, isipokuwa Mayaka. Yeye kila alfajiri alivaa helmeti yake akaenda kusimama mbele ya lango lililofungwa kwa mnyororo. Miaka kumi na minne alikuwa nyapara wa chini ya ardhi. Hata watoto wake, Kezia na wadogo zake, walimwita Nyapara. Jamani, mtu aliyeamrisha wanaume sitini gizani, leo aambiwe akapalilie mahindi? Alimkaripia hata jogoo kwa kuchelewa kuwika.

Mkewe, Bosibori, alimvumilia miezi saba. Kisha kaka yake akawapatia shamba kule Suna, na mvua zilikuwa karibu. Hapo uvumilivu ukamwisha. Akamwarifu mumewe kwamba lori lingeondoka Jumapili asubuhi, naye na watoto wangekuwa ndani.

"Baba Kezia nitaenda naye," alisema. "Nyapara abaki na shimo lake."

Mayaka alikigeuzageuza mkononi kipande cha shaba chenye namba arobaini na moja. Mgodini, kila aliyeshuka alichukua kipande chake ubaoni, na akitoka alikirudisha kwenye msumari wake. Msumari mtupu ulimaanisha mtu yuko chini bado, na wake za wachimbaji waliokuwa wakingoja langoni walikuwa na swali moja tu kila jioni: wametoka wote? Siku ya mwisho Mayaka aliondoka na chake mfukoni, makusudi kabisa. Kwa ubao ule, alikuwa bado chini, na hivyo ndivyo alivyotaka.

Jumapili kulipopambazuka aliruka ua wa mgodi. Alitaka kuliaga shimo, au kubaki nalo, mwenyewe hakujua. Akatupa jiwe shimoni. Zamani ungetaja jina lako, la baba yako na la babu yako kabla hujalisikia likigonga chini. Sasa hakumaliza hata lake.

Akapiga magoti, akachungulia. Lo! Pampu zilikuwa zimenyamaza miezi saba, na maji yalikuwa yamepanda kimyakimya yakameza ngazi zote, vichochoro vyote, kila ukuta alioufokea. Yalitulia tuli, safi, na ndani yake mlikuwa na mbingu. Wingu jekundu la asubuhi lilipita taratibu pale pale alipotembea miaka kumi na minne na taa kichwani, bila kuona anga hata la ukubwa wa kidole. Maji hayakuwa yamemwomba ruhusa nyapara yeyote. Aliogopa sana, halafu woga ukageuka furaha, na furaha hiyo ikamtoa machozi. Chini hakukuwepo tena. Sasa angekuwa nyapara wa nani?

Kwenye kibanda kando ya shimo, ubao ulikuwa ungali ukutani, umejaa vipande, msumari mmoja tu mtupu. Akakitundika chake. Helmeti akaiacha sakafuni, chini ya ubao.

Alilikuta lori linanguruma, watoto wameshapanda juu ya magunia. Bosibori alimtazama kichwa kitupu, akauona ule mstari mweupe wa helmeti kwenye paji la uso. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama alivyouliza langoni miaka yote ile.

"Wametoka wote?"

"Wote," Mayaka akasema. "Nilikuwa nimebaki mimi."