Tela la Mama Mkwe

Kama kuna mtu aliyepania kumfurahisha mama mkwe wake kiangazi kile, basi ni Nyanda. Na kama kuna mtu aliyeharibu mambo kabla hata pikipiki haijawashwa, ni huyo huyo Nyanda.

Tela alilitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba yake pale Sibwesa, baada ya kwenda Mpanda kununua mabomba na magurudumu ya pikipiki na kumbembeleza fundi wa kuchomelea amwekee viungo. Lilikuwa tela jepesi la kuvutwa na pikipiki, lenye ubavu wa mbao na paa la turubai lililopindwa juu ya fito. Ndani mtu mzima angeweza kujilaza miguu ikanyooka. Watoto wa jirani waliliita nyumba ya konokono, naye hakuudhika, kwa sababu ndivyo alivyotaka: mama Specioza alale humo ukingoni mwa korongo, upepo usimfikie.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Zamani, kabla watu hawajahamishwa na kuletwa kando ya barabara, Specioza na mumewe Optatus waliishi chini kabisa ya korongo lile. Huko ndiko walikomzika mtoto wao wa kwanza, Hana, aliyekufa kwa surua kabla hajajua kusema vizuri. Siku hizi huko chini ni hifadhi, haruhusiwi mtu kushuka. Basi kila kiangazi, mpunga ukishavunwa, mtu na mke wake walikwenda hadi ukingoni, wakawasha moto jua linapozama ili mtoto auone, wakamsimulia habari za nyumbani: nani kaoa, nani kajifungua, mvua ilikuwaje. Walilala pale pale, asubuhi wakarudi. Hawakuwahi kuruka mwaka.

Mwaka ule Optatus alifariki wakati wa masika. Na Specioza, ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa hata kumfikisha kanisani, alikuwa na jambo moja tu lililomkosesha usingizi. Hana alikuwa hajaambiwa.

"Asipouona moto atadhani tumemsahau," alimwambia binti yake Josefina. "Na habari ya baba yake aisikie kwa watu wengine? Mimi mama yake nipo?"

Josefina akampelekea mumewe maneno hayo, maana hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo tangu aolewe. Nyanda ni Msukuma na Specioza ni Mbende, na kuna mengi ambayo watu wa pande hizo mbili hawajakubaliana, kuanzia ng'ombe kwenye mahindi hadi ugumu wa ugali. Lakini hili la ukwe walikubaliana bila kikao: mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hamgusi, hali naye, wala hasemi naye ana kwa ana. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Nyanda alimjua mama mkwe wake kwa sauti, kwa kikohozi na kwa kandambili zake za bluu. Josefina alikaa katikati kama posta, na Nyanda aliitwa kwa jina la mtoto wake. "Mwambie baba Malale." "Mwambie mama." Na wote wawili wako hapo hapo, wanasikiana vizuri kabisa.

Asubuhi ya safari Nyanda alitandika telani shuka jipya la maua, akajificha kwa heshima nyuma ya zizi la ng'ombe, akasubiri kusifiwa. Specioza alifika na mkongojo wake. Akainua pembe ya shuka, akachungulia, akaishusha.

"Josefina, hili godoro limetoka wapi?"

Josefina akajifanya anapanga sufuria.

"Nakuuliza. Hiki kiraka ni cha gauni langu, nilikupa mwenyewe. Si ndilo mnalolalia nyie hili?"

Nyuma ya zizi Nyanda alitamani ardhi ipasuke. Ndiyo, lilikuwa godoro la kitandani kwao. Alitaka mama apate kitu laini, na ndani ya nyumba ile hakukuwa na kitu laini kuliko hicho. Alifikiria shuka, akafikiria turubai, akafikiria hata ndoano ya kutundikia taa. Lakini kwamba mama mkwe hawezi kuketi anapolala mkwe wake, jambo analolijua hata mtoto anayechunga ndama, hilo lilimpita. Mtu mzima mwenye ndevu.

"Mwambie baba Malale simlaumu," Specioza alisema, kwa sauti ya mtu anayelaumu. "Ila hapo sikai."

Godoro likatolewa. Nyanda akaenda shambani kuchambua mabua ya mpunga yaliyo safi, akayajaza kwenye magunia, akayapiga ngumi mpaka yakalainika, kisha akamwachia mkewe ayatandike. Specioza akaketi, akajisogeza huku na huku, akatangaza kwamba yanachoma kidogo lakini hayana aibu. Jua lilikuwa limeshapanda sana walipoondoka.

Nyanda aliendesha, Josefina nyuma yake, mama telani pamoja na maji, sufuria na mzigo wa kuni. Nyasi zilikuwa zimeungua pande zote na mito imebaki mchanga mtupu. Hakwenda kasi hata mara moja, kwa kuogopa yale magoti. Hata hivyo, kila baada ya muda sauti ilitoka chini ya turubai: "Josefina, mwambie baba Malale, hilo nalo lilikuwa shimo."

Mchana ukaisha wakiwa njiani. Walipofika kwenye mwinuko wa mwisho, ule unaopanda hadi ukingoni, jua lilikuwa limeegemea upande wa Ziwa Tanganyika na wekundu umeanza kuingia kwenye mawe. Nyanda akavuta mafuta. Tairi likachimba kokoto, pikipiki ikanguruma, tela halikusogea. Walishusha kuni, wakashusha maji, wakashusha sufuria. Tairi likazidi kuzama.

Josefina alitazama juu, akatazama jua, uvumilivu ukamwishia.

"Baba Malale, mbebe mgongoni tumalize. Hakuna mtu wa kutuona huku."

Nyanda akainamisha uso. Aliyejibu ni Specioza, kutoka chini ya turubai.

"Tutajiona wenyewe."

Kisha Specioza akasema, polepole, "Mwambie baba Malale amefanya kazi kubwa. Nishushe, mwanangu. Nitawasha hapa hapa."

Lakini hapa hapa korongo lilikuwa halionekani. Moto wa hapa ungeangaza mawe tu, na wote watatu walilijua hilo. Nyanda alikuwa amemsikia mama mkwe wake akilia msibani kwa Optatus, kwa sauti ya juu, pamoja na wanawake wote wa kijiji. Sasa hakulia. Alisema maneno ya kawaida na mwishoni sauti ikamkatika. Nyanda aliumia kuliko siku ile ya mazishi.

"Mwambie mama asishuke," alisema.

Akalifungua tela kutoka kwenye pikipiki. Akafunga kamba ya katani huku na huku kwenye bomba la mbele, akaipitisha kifuani, akashika bomba kwa mikono yote miwili, akainama kama maksai. Maisha yake yote alikuwa amekaa nyuma ya ng'ombe wa kulima akiwafokea kwamba ni wavivu. Alipovuta hatua za kwanza aliwaomba msamaha wote, mmoja mmoja, kwa majina.

Josefina alisukuma kwa nyuma, na kila waliposimama akaweka jiwe chini ya gurudumu. Kamba ilikata shati, kisha ikaanza kukata ngozi. Kokoto ziliteleza. Nyanda hakugeuka, na hakuhitaji kugeuka: njia nzima alikuwa amempa mama mkwe wake mgongo, kama inavyotakiwa, na hakumgusa hata kwa kidole.

"Mwambie baba Malale apumzike," ilisema sauti telani.

"Mwambie mama jua halipumziki," alijibu akihema.

Na kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimsikia mama mkwe wake akicheka.

Walifika juu jua likiwa bado na kipande. Korongo likafunguka mbele yao, kuta nyekundu, mto mkavu mweupe kule chini, na kando yake mivumo michache, mirefu kama minazi, imesimama palipokuwa na nyumba. Nyanda alitazama mara moja tu. Aligeuza tela ili nyuma yake ielekee korongo, akaweka mawe kwenye magurudumu, akaenda kuzileta kuni na vyombo. Aliporudi akamkabidhi mkewe kila kitu, akasimama upande wa pili wa turubai, akiangalia njia waliyojia.

Josefina akawasha moto. Ulipokolea, Specioza akakohoa.

"Hana, mwanangu. Ni mama. Nimechelewa kidogo, kulikuwa na mambo ya godoro."

Akajifunga kanga vizuri.

"Baba yako hakuja leo. Baba yako amefariki, mwanangu. Masika haya, kitandani kwake, ameshakula. Hakuteseka, na alikutaja. Kama ameshafika huko, mpishe akae kwenye kivuli, mgongo unamsumbua. Kama hajafika msubiri tu, mwendo wake unaujua."

Josefina alikuwa analia bila kujificha. Nyanda naye alijifuta kwa mkono wenye vumbi, akazidisha uchafu. Akamfikiria mzee Optatus akipanda mlima ule kila mwaka na mzigo wa kuni kichwani, wala hajisifu kwa mtu.

"Usiogope kwamba nimekuja peke yangu," Specioza aliendelea. "Josefina yupo. Na yule pale aliyetupa mgongo ni shemeji yako, baba Malale. Amenivuta mpaka hapa kwa kifua chake. Mtazame vizuri, Hana, uso na kila kitu, unitazamie na mimi. Mimi siruhusiwi."

Nyanda alikuwa na maneno ambayo hakuwahi kuyatoa, kwa sababu maneno mengine huwezi kumpa mtu ayapeleke. Kisha akakumbuka kwamba mtu na shemeji yake hawakatazwi kuongea.

"Shemeji Hana," alisema, akiwa bado ametazama njia. "Mimi Nyanda. Naomba umwambie mama anisamehe kwa lile godoro. Na umwambie nitamleta tena mwakani, mpunga ukishavunwa. Kila mwaka nitamleta. Mzee alikuwa anakuja kwa miguu, mimi nina tela, sina la kusingizia."

Josefina alishafungua mdomo kuyapeleka, kwa mazoea. Akaufunga.

Kuni zililia motoni. Jua lilikuwa limezama, na kule chini mivumo haikuonekana tena.

"Hana," Specioza alisema, "mwambie huyo mwanangu nimesikia. Na mwambie avae koti, upepo umeanza."