Mstari Ambao Rugamba Hakuusoma

Rugamba, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Gisimenti, hakuwa na subira na mashine. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, ikigoma kuwaka, alifuta diski yote akaiweka upya, basi. Wateja wake wengi hawakuwa na cha maana humo zaidi ya filamu, kwa hiyo siku hizi hata kuuliza alikuwa ameacha.

Kompyuta ya Careen iliganda kila ilipowashwa, kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi juu. Rugamba hakuusoma. Alifuta.

Alipomaliza kuweka upya, ikaganda palepale, kwa mstari uleule. Safari hii akausoma: draiva mbili, programu za kuendesha vifaa, zilikuwa zinagombania chipu moja ya picha kwenye bodi mama. Akazima moja, na mashine ikaamka kama haijawahi kuugua. Diski haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo.

Careen alikuja mchana kutoka Kabuga. Alipoona kioo kinang'aa, alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Mungu akubariki, fundi! Wenzako wawili walishakata tamaa nayo."

Rugamba akaanza kukunja waya wa chaja.

"Marehemu mume wangu alirekodi sauti humo akiwa hospitali," Careen alisema huku akivuta kiti. "Kila mtoto na yake. Ya huyu wa tumboni sijaisikiliza bado, niliogopa. Leo nimejikaza. Nifungulie hiyo kwanza."