Daraja Lililonyamazishwa

...na hili nalo lina taa za buluu, utadhani kinyozi amefungua duka jana, na wifi yake analisogeza kwenye simu mpaka karibu limguse pua, "Wifi, hebu liangalie, hili ndilo daraja, si mchezo!", naye pale kwenye kiti cha nyuma anatoa lile tabasamu la akiba analowawekea mashemeji na wakubwa wa ofisini, anasema "zuri", kwa sababu ni neno fupi na halimfungi, ingawa kosa ameshaliona, nyaya zile nyeupe zilizotandazwa kama kamba za kuanikia nguo hazibebi kitu, zimewekwa zionekane zimebeba, mzigo wote uko juu ya nguzo nne nene zilizofichwa kivulini, lakini nani anazitazama nguzo, hakuna bibi harusi aliyewahi kusukumana ili apigwe picha na nguzo... bibi harusi, kumbe ndiye yeye, Jumamosi hii, na mpiga picha anataka kuambiwa leo ni daraja gani, maana ukoo mzima wa mchumba wake umeshaamua kwamba harusi bila picha ya darajani ni kama haikufungwa, kaka mkubwa alipigwa darajani, binamu alipigwa darajani, gauni linapepea, bwana harusi ameegemea kingo akiangalia mbali kama mtu aliyesahau alikoegesha gari, na yeye ambaye kazi yake ni kukagua madaraja, yeye anayelala chali chini yake na tochi na nyundo, akigonga na kusikiliza, yeye ndiye anayefundishwa hapa daraja zuri ni lipi. "Injinia kanyamaza," anasema mchumba wake kutoka kwenye usukani, anamtazama kwa kioo, "ukiona Injinia kanyamaza ujue anapiga hesabu," na dada mtu anaangua kicheko pale mbele, viatu amevua, miguu ameipandisha juu ya dashibodi, vidole vinacheza, "Hesabu za nini tena, wifi, kazi yako Jumamosi ni kucheka tu," wanacheka wote wawili kile kicheko chao kimoja, kama wamegawana, huyu anaanza, yule anamalizia, na gari haliendi, foleni imewakamata mwishoni kabisa mwa daraja, pale daraja linapokabidhi magari kwa barabara, mbele lori la matofali, nyuma basi, jua limekaa juu ya paa la gari kama mtu aliyekuja kudai kitu na haondoki.

"Au hili la kioo," wifi anasema, na loo, la kioo, sakafu nzima ni kioo, watu wanalipa kiingilio waende wakatambae kwa magoti wakilia huku wanajirekodi, sasa hilo ni daraja la kwenda wapi, halivuki kitu, linatoka kwenye mkahawa linarudi kwenye mkahawa... "Hilo hapana, gauni litaonekana kwa chini," mchumba anasema kwa uzito wa hakimu, "Kweli kaka, hilo hapana," "Nipe lile la mawe, la zamani, lile la mahaba," la mahaba, mawe yana mahaba gani, yamebanana tu kwa uzito wao kwa sababu hakuna jiwe lenye pa kwenda, lakini akilisema hilo wataguna, watasema Injinia bwana, na kesho litasimuliwa kwa mashangazi, kwa hiyo analimeza, amemeza mengi ndani ya gari hili, miaka miwili ya kumeza, ingetosha kumshibisha mtu. Mhadhiri wao wa mwaka wa tatu, waliyempa jina la Mzee Zege kwa jinsi alivyokuwa hacheki, siku moja aliingia darasani akafuta ubao akasema kila mtu ataje daraja analolipenda na kwa nini, darasa likakimbilia marefu, likakimbilia yale ya kwenye mabango ya mashirika ya ndege, mmoja akataja daraja ambalo hata halijajengwa, ni mchoro, na ilipofika zamu yake akasema "la hospitali", wakacheka mpaka wengine wakagonga meza, Mzee Zege akauliza kwa nini, akajibu kwamba lina mteremko mzuri, na huo ulikuwa uongo, mteremko wake ni mbaya, ni daraja la kupita kwa miguu tu, limeezekwa bati, linatoka jengo la wodi kwenda jengo la upasuaji, na katikati pana bamba la chuma lililoinuka ambalo kila kitanda kikipita magurudumu yanaruka, na siku ile kitanda kilikuwa cha baba, ameshachomwa sindano ya kumlegeza, macho nusu, kitanda kikaruka, baba akasema kwa sauti nzito ya usingizi, "Aliyejenga hapa arudishwe shule," mhudumu aliyekuwa anasukuma akacheka, yeye akacheka, wakaingia ule mlango wa pili wakicheka, na baba hakuzungumza tena baada ya hapo, si siku ile, si nyingine yoyote. Basi. Hilo ndilo daraja lake. Halina taa. Alimsimulia mchumba mwanzoni mwanzoni, wakiwa mkahawani, alimsimulia lote, hata bamba la chuma, hata rangi ya shuka, na mchumba akamshika mkono akasema "Pole sana, mpenzi wangu," akaupapasa mara mbili tatu, kisha akauliza, "Hicho kipande cha kuku utakimaliza?"

"Lakini ninyi hamjagundua kitu," mchumba anasema sasa, anashusha kioo cha mlango, joto linaingia kama limesukumwa, "sikilizeni," na dada mtu anauliza tusikilize nini, "Nyamaza basi usikilize!" na gari moja upande wa pili, wanakopita wanaoingia mjini, linapita, shiii, linapotea, "Umesikia? Hakuna! Daraja hili lilikuwa linagonga kang'ang'a, kang'ang'a, kila gari, mchana na usiku, mama mkwe pale ghorofani alikuwa halali, si ndiyo Injinia, mama alikuwa halali?" Ndiyo, alikuwa halali, nyumba ya mama ni ile pale, ghorofa ya tatu, nguo zimeanikwa, alikulia humo, alijua lori na basi kwa mlio wake kabla hajajua kusoma, "Sasa nani kalinyamazisha? Mimi!" na anajipiga kifua kwa kiganja, "Si tulikuwa tunaziba mashimo hapa mwezi uliopita? Nikaona kuna mwanya pale, unaweza kuingiza kiganja, kutoka ukingo huu mpaka ule, wajinga waliojenga wameuacha wazi tu, nikawaambia vijana, zege, jazeni, laini kabisa. Sikukwambia, nilitaka iwe zawadi." "Yaani kaka, wewe una mapenzi!" wifi anasema, na anageuka, "Wifi, umemsikia mumeo?"

Amemsikia. Mchumba amejaza mwanya. Yeye, msimamizi wa kampuni ya lami, mtu anayelipwa kusimama barabarani na kofia ngumu kichwani, ameuona mwanya ulioachwa makusudi ili chuma kikipata joto kitanuke kipate pa kwenda, mwanya ambao watu walikaa mezani wakaukokotoa, kwa jua la mchana na baridi ya alfajiri, mwanya ambao ndio pumzi ya daraja zima, akaona shimo, akasema wajinga, jazeni, na sasa daraja limebanwa pande zote mbili kama mtu aliyeketi katikati ya mashangazi wawili wanene, jua hili likiendelea hivi litasukuma, lisipopata pa kusukuma litaupasua ukuta linaokalia, litavipinda vile vikalio vya mpira na chuma vilivyo chini, na mama, mama naye, aliyepiga simu wiki iliyopita sauti imejaa sukari, "Mwanangu, nimelala kama mtoto, huyo Mungu kakupa, usije ukamsumbua na hayo maneno yako," kumbe usingizi wenyewe ulitoka hapa, na moyo unamwenda mbio, anausikia masikioni, na anajiambia ni hofu, ni wasiwasi wa kitaalamu, anaanza kupanga, leo hii atapiga simu ofisini, daraja lifungwe, kampuni iitwe, msimamizi aulizwe nani alitoa amri, msimamizi atasimamishwa, na katika hali hiyo nani atafunga harusi, hakuna, itabidi isogezwe, itasogezwa mbele, na mbele ni mbali, watu wataelewa, mama ataelewa, wataambiana kwa sauti ya chini kwamba msichana hakuwa na jinsi, kazi ni kazi, angefanyaje na wakati bwana mwenyewe ndiye aliyetaka kuangusha daraja, na picha yote inajipanga safi, yeye katikati, amevaa kofia ya kazi, hana lawama hata chembe... "Mbona unahema, mpenzi? Niwashe kiyoyozi?" Hapana, ahsante, acha dirisha wazi, na yeye pia anashusha la kwake, anatoa kichwa.

Uko palepale. Mwanya uko chini ya mlango wake, gari limesimama nusu darajani nusu barabarani, na zege la zawadi anaweza kuliona vizuri, mkanda wa kijivu uliosawazishwa kwa mwiko, kazi ya vijana waliotaka kuwahi kula, na mkanda wote, kutoka ukingo huu mpaka ule, umepasuka. Umepasuka mstari mmoja, katikati, na mahali pengine vipande vimeshang'oka vikazama, pana tundu ambalo mwanga wa mtoni unaonekana. Anainua macho haraka mpaka kwenye kingo, mahali ambapo kingo za daraja zinakutana na za ukutani, pale uongo haufichiki, kama daraja limesukuma kitu zitakuwa zimepishana, zege la kona litakuwa limemeguka... zimenyooka. Zimenyooka kama zilivyochorwa. Kona nzima, rangi haijabanduka. Anatazama tena, anatafuta, anaomba hata ufa mmoja, ule mwembamba kama unywele, na hakuna, zege lilikuwa dhaifu, walizidisha maji, daraja lilipata joto likajinyoosha mara moja likalivunja, likaendelea na maisha yake, na kilichobaki ni kazi ya mafundi wawili na patasi asubuhi moja, wakwangue, waweke kizibo kipya, basi, hakuna wa kusimamishwa, hakuna wa kuitwa, ni aibu ndogo ya kuchekwa ofisini wakati wa chai... na akahuzunika. Huzuni nzito, ya kweli, kama ya mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi, akashtuka, kwa sababu mkaguzi gani huyu anayehuzunika daraja likiwa zima? Mama yake analala pale, watoto wanapita hapa na mabegi yao, na yeye ameinama dirishani akitamani ufa. Dharau yote aliyokuwa akiwamwagia hawa wawili tangu wavuke taa ya mwisho ya barabarani ikageuka ikamtazama yeye, na haikupunguza ukali, kwa sababu hebu mwangalie, msomi mzima, alitaka chuma na saruji vimsemee, alitaka aachane na mtu kwa kibali cha ofisi, alitaka hata mto ukubaliane naye, na huyu hapa mbele, kwa ujinga wake wote, alimwonea huruma bibi mmoja asiyelala akafanya kitu, alikifanya vibaya, alikifanya kijinga, lakini alikifanya, wakati yeye kwa miaka miwili amemzunguka kwa tochi, anagonga hapa, anagonga pale, anasubiri asikie panapolia tupu ili awe na la kusema, na hakulisema hata siku ile ya kuku, alisema "chukua tu, nimeshiba", na alikuwa na njaa... Huyu si mtu mbaya. Si mwizi, hapigi, hadanganyi, ana kicheko kikubwa, atampata mwanamke atakayecheka naye katikati, papo hapo, bila kulazimika kwanza kushuka chini ya maneno yake kutazama yamesimama juu ya nini. Ila yeye anapomtazama kisogo kile kilichonyolewa vizuri kwa ajili ya Jumamosi, anaona anachoka, si leo tu, anaiona miaka inapita kama magari yale ya upande wa pili, bila mlio wowote, na mama anasema mshukuru Mungu, na mashangazi wanasema mumeo ana mapenzi, na hakuna hata mmoja mwenye makosa.

"Wifi!" simu iko sikioni kwa dada mtu, mkono mmoja umefunika upande wa kuongelea, "mpiga picha yuko hewani, anasema akiambiwa sasa hivi anakwenda kuangalia mwanga, nimwambie lipi? La buluu au la mawe? Hebu sema basi bibi harusi!" na mchumba kwenye kioo, nyusi juu, anatabasamu, "Akisema Injinia ndiyo limepita," na lori la matofali halijasogea hata kidogo, dereva wake ameshuka anapiga miayo, basi la nyuma linapiga honi ya bure, na yeye anatafuta hesabu yoyote, kipimo chochote cha kushika mkononi, anakuta hana, hana kosa la mtu la kuonyesha, hana sababu ambayo kikao cha ukoo wowote kingeipokea, ana kitu kimoja tu, kutotaka, kimekaa kifuani kizima kizima kama kimekuwapo siku zote kikingoja aache kukitafutia ndugu. "Zima injini," anasema. "Foleni ikisogea je?" "Zima." "Haya mheshimiwa, umeshinda," anacheka, anazima, na dada mtu anamwambia mpiga picha asubiri kidogo, bibi harusi ana tamko, sauti bado imejaa utani, na mchumba ameshaanza kugeuka kwenye kiti, mkono juu ya bega la kiti cha dada yake, uso wake mkunjufu unakuja, robo, nusu...

"Hapana," anasema, "usigeuke. Nisikilize hivyohivyo."